Neno Alilolisikia Karani

MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU MBWA ALIYEMSHIKA FUNDI CHEREHANI

Jina: Dada wa Mbwa, ndivyo ninavyojulikana mtaani
Umri: miaka 24
Kazi: mwanafunzi wa tabia na mafunzo ya mbwa, mwaka wa mwisho
Makazi: kwa shangazi yangu, geti la kijani, mkabala na duka la Fundi

Sauti iliyonibakia ni ya mkia ukigonga karai. Nimeulizwa kama nilimsikia mbwa akinguruma. Sikumsikia. Fundi alipiga kelele, ndiyo, lakini ninachokisikia hadi sasa ni lile karai tupu la kufulia, likigongwa taratibu na mkia wa mbwa anayedhani amefanya vizuri. Naomba hilo liandikwe kwanza.

Nilimaliza shahada ya biolojia kabla ya kuingia chuo cha mbwa, na baba yangu bado anawaambia watu kuwa nasomea udaktari. Chuoni nilipangiwa dume la rangi ya kahawia nikae naye nyumbani mpaka mtihani wa mwisho. Shangazi alimwita Karani, kwa sababu kila anayeingia getini humkagua viatu na mifuko, kisha hurudi kulala bila kutoa jibu. Fundi alizoea kumuuliza kila asubuhi, "Karani, faili langu limefika wapi?" Karani alimpenda. Nasema hivyo kwa nilichokiona: Fundi akitokea tu, masikio ya mbwa yanalala nyuma, mwili unalegea, anajipinda mpaka mkia unagusa mbavu.

Mbwa wa ulinzi chuoni kwetu hufundishwa neno "shika". Mkufunzi huvaa mkono mnene wa turubai na kuunyoosha. Mwanafunzi husema "shika", mbwa huudaka na kuushikilia mpaka asikie "acha", ndipo hupewa kipande cha mkate na sifa nyingi. Mkufunzi alilichagua neno hilo zamani kwa kuwa ni fupi na halipotei kwenye kelele. Nyumbani tulilipiga marufuku. Shangazi akinipa kikombe cha chai alisema "pokea", kwa sauti ya mgeni rasmi anayegawa vyeti kwenye mahafali, tukacheka. Hakuna aliyekumbuka kwamba Fundi naye ana mdomo.

Mnamo Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, nilikuwa uani nikianua nguo. Karani alikuwa amelala kando ya karai. Fundi aliingia na gauni la Shangazi alilokuwa amelipanua kiunoni. Alinyoosha mkono wenye mfuko, akasema, "Dada, shika."

Karani aliinuka akamdaka chini ya kiwiko. Hakutikisa kichwa kama afanyavyo mbwa anayetaka kurarua. Alishika, akanitazama mimi, na mkia ukaanza kugonga karai. Najua mkia peke yake si ushahidi, maana hata mbwa mwenye hasira huutikisa. Ila wa hasira husimama juu, mkavu kama fimbo. Huu ulikuwa chini na ulikwenda na kiuno chote.

Fundi alivuta mkono, shati likachanika. Mimi niliganda. Shangazi alitoka jikoni akinigombeza nimesimama nini, nimshike mbwa. "Shika! Si umshike! Shika!" Kila alipolitamka, Karani alikaza kidogo, akijitahidi kumridhisha.

Fundi ndiye aliyemwambia, "Mama, hebu nyamaza. Kila ukisema, anakaza."

Hapo ndipo nilipopata akili nikasema "acha". Karani aliachia papo hapo, akaketi, akangoja mkate wake. Hakuna aliyempa. Alitutazama mmoja mmoja. Sehemu hii napata shida kuieleza.

Fundi alipata alama za meno na uvimbe, ngozi haikutoboka. Alipitia hospitali, kisha akaja hapa kituoni kulalamika. Simlaumu. Kabla ya kuondoka kwetu jioni ile, aliniambia getini, "Angekuwa mbwa nisiyemjua, nisingeumia hivi."

Jumapili nilielezwa na afande kwamba Karani atapelekwa kwa daktari wa mifugo, na akionekana ni mkali kwa asili, atauawa. Siku hiyo hiyo mkufunzi alifika nyumbani. Alimfungua Karani kinywa, akamkagua, kisha akakaa akimkuna nyuma ya sikio muda mrefu. Mwishowe alinishauri nieleze kwamba mbwa huyu alikuwa na kasoro tangu mdogo. Chuo hakitaulizwa, na mimi nitafanya mtihani Ijumaa na mbwa mwingine.

"Ukilitaja neno hilo kituoni, binti yangu, itabidi tuwafundishe wote upya," alisema. "Na mimi nimezeeka nalo."

Nilimimina chai, nikamnyooshea kikombe, nikasema, "Pokea." Alicheka, japo hakutaka.

Karani si mkali. Aliambiwa ashike, akashika. Aliambiwa aache, akaacha. Kosa liko kwenye neno, na neno tulimpa sisi.

Ijumaa sifanyi mtihani. Nilimweleza mkufunzi jana kwamba nitangoja mpaka kila mbwa wa chuo awe na neno jipya, na leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, niliingia kwenye mabanda nikaanza kazi. Neno lenyewe silitaji, kwa kuwa maelezo haya yatasomwa kwa sauti, naye Karani, niliyeanza kumfundisha neno hilo Jumapili, amefungwa nje ya mlango huu. Mkufunzi alikuja akasimama kwenye banda akinitazama. Kisha akavaa mkono wa turubai.

Nimeeleza nilichokiona na kukisikia, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali kuwa ndivyo alivyosema. Kalamu nilimwekea mezani bila kutamka lolote. Nakala imekwenda kwa daktari wa mifugo, nikiwa nimeongeza kwamba mbwa alitii amri. Mlalamikaji amefika shahidi akitia sahihi. Amesimama mbali kidogo na mbwa, mikono mfukoni, akamuuliza faili lake limefika wapi.