Mama Hataki Kupanda, Anasubiri Shimo Jeusi

Baba,

Nakuandikia kutoka Nyakato, kwenye chumba nilichopanga tangu nianze kufundisha. Tulikuzika mwaka jana kabla ya mvua za vuli. Sasa mvua zimerudi, na shamba la Mama kule Butiama halijaguswa na jembe.

Kule kijijini amekuja mhubiri mmoja. Alisoma mahali fulani habari za shimo jeusi, sasa anawaambia watu kwamba linafyonza nyota moja moja na dunia ndiyo inafuata. Madukani sabuni hatuioni, mafuta ya taa hakuna. Watu wanasema ndiyo mwanzo, limeanza na vitu vidogo. Jirani amechinja ng'ombe wa maziwa. Mwingine amewamwagia kuku mbegu zake zote. Mama anakaa mlangoni, anaangalia juu.

Wewe ulifundishaga fizikia hata nyumbani. Siku ile tunamenya mihogo, nikakuuliza kama shimo hilo litatumeza. Ulicheka mpaka kisu kikakuponyoka. "Siyo shimo, mwanangu. Ni mabaki ya nyota kubwa, yamebanana sana. Hata jua letu lingegeuka hivyo leo, uzito ukabaki uleule, dunia ingelizunguka palepale. Tungekufa kwa baridi, siyo kwa kumezwa." Nikauliza, na kule katikati kabisa? "Kule hesabu zetu zinakwama. Anayekwambia anajua kilichopo, anakudanganya."

Jumapili nilikwenda Butiama, nikasimama kwenye mkutano wao nikayasema hayo yote. Mhubiri alinisikiliza, halafu akauliza taratibu, "Na baba yako aliyeyajua hayo, yuko wapi?"

Mama hakuniangalia, Baba.

Njiani kurudi nyumbani ndipo akaniambia, "Mwanangu, mimi siogopi. Dunia ikiisha, si nitamwona baba yako mapema?"

Ningemweleza nini? Nimezunguka na hesabu zako kichwani, kumbe Mama hakuwa na swali la nyota. Amekonda. Chakula anasogeza pembeni. Mvua hizi zikikatika kabla hatujapanda, njaa itaingia mle ndani, na haitasubiri kitu chochote kutoka angani.

Jumamosi nakwenda. Nitalima, hata kama ni peke yangu na yeye amekaa palepale mlangoni. Nitalala kwake, nitakula naye sahani moja mpaka amalize. Nakuahidi sitamwacha aje huko uliko.

Kwaheri, Baba. Na wewe, nakuomba sana, usimwite.

Binti yako