Masikio ya Ng'ombe wa Naserian

Alhamisi, 6 Machi

Kosa la wengi wanaoandika maisha ya watu ni kudhani kwamba ukibadilisha jina, umemficha mtu. Nimelifundisha hilo darasani miaka mingi. Kwa hiyo katika kitabu cha shuhuda za vijana wetu wa kanisa hapa Kitengela, nimebadilisha zaidi ya jina. Naserian, mmoja wao, nimemwita Ruthi. Kwao Kisaju sikukutaja. Nimebakiza ng'ombe wake tu: mwekundu, sikio la kulia limekatwa mara mbili, la kushoto mara moja. Bila yeye sura inakufa. Tunapiga chapa Ijumaa ijayo.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada niliwasomea vijana sura ya Ruthi. Baba amekwisha kupokea mahari. Alfajiri mama anamfungulia binti lango la boma, anatorokea shule. Kisha Lemayian, kijana wa Kisaju, akacheka: "Mwalimu, hiyo ng'ombe si ni ya kina Naserian? Hayo masikio ni kama kitambulisho."

Wakacheka wote. Naserian akachukua mkoba, akatoka. Yeye ndiye angefunga kikao kwa maombi. Nilifunga mimi, vibaya.

Jumatatu, 10 Machi

Nijieleze ili nielewe. Kwetu Bungoma ng'ombe anajulikana kwa jina na rangi. Huku, masikio hukatwa kwa alama ya ukoo na ya boma. Mchungaji yeyote wa mifugo akimwona, anajua mwenyewe ni nani. Miaka kumi na tisa nawaona wakivuka barabara ya Namanga. Sikuwahi kutazama masikio.

Naserian hapokei simu. Nimefagia baraza mara tatu.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja. Hakuketi.

"Mwalimu, nilikupa story yangu. Ile ya lango ni ya mama. Nilikuambia tukiosha vikombe, si ya kitabu."

Baba yake alimsamehe akiamini alitoroka peke yake. Mpaka leo anaamini hivyo, na mama yake anaishi salama ndani ya imani hiyo. Nilijitetea kwanza, na hilo niliandike: nilimwambia ndiyo sura nzuri kuliko zote.

Nikauliza kuhusu Lemayian.

"Ameapa atanyamaza. Lakini kitabu hakinyamazi."

Alhamisi, 13 Machi

Nimesimamisha uchapaji. Mwenye mtambo amenuna. Pasta anashauri niweke masikio mengine. Nimejaribu. Masikio mengine ni ya boma lingine. Nimemwondoa ng'ombe kabisa. Lango bado liko. Situlii. Nafungua faili, nafunga, nafungua.

Ijumaa, 14 Machi

Upepo. Vumbi la machimbo limetanda mezani. Nimetoa kurasa nne. Sasa Ruthi anaanza akiwa njiani tayari, na sielezi alitokaje nyumbani. Sura ni fupi, imepooza kidogo. Ni yake.

Nilimtumia. Amejibu: "Nimeona, Mwalimu. Jumapili nitafunga kikao kwa maombi."

Kwenye kompyuta nimezifuta zile nne. Nakala zake za karatasi ziko hapa mbele yangu, na tangu asubuhi nimezisoma mara mbili. Ni nzuri. Jiko limeshika moto.

Leo, kabla ya kuteleka chai, nizichome.