Chumba cha Mbele cha Karugendo

Kamachumu, Muleba
14 Septemba 1987

Mpendwa dada Jovita,

Pokea salamu zangu, waitu, mpenzi wetu, pamoja na za wote wa hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Bilele, na kwamba goti limekupa nafuu. Sisi hatujambo. Kahawa imekauka vizuri uani, na mwezi huu tumezika mara mbili tu, jambo ambalo siku hizi tunalihesabu kuwa nafuu.

Najua unataka kwanza habari za wifi yako Minza. Bado yupo. Futa machozi, usome taratibu.

Ulipoondoka baada ya matanga ya kaka Karugendo, Minza alibaki peke yake katika nyumba ile ya vyumba vinne. Maneno unayajua: kwamba ni Msukuma aliyetolewa kisiwani Goziba akiuza dagaa, kwamba hakuzaa, na kwamba huenda ugonjwa uliomchukua kaka naye anao. Baba mdogo Mwijage, ambaye aliongoza mgambo wakati wa vita na hadi leo hajaacha kuongoza, akatangaza kwamba nyumba ile haina nafasi ya mgeni. Kwa miezi mitatu hakunywa hata maji pale. Alimsalimu Minza akiwa barabarani, tena akisimama upande unakotoka upepo.

Kisha akataka jambo liandikwe. Aliniagiza nimwandikie katibu kata, kwa Kiingereza ili barua iwe nzito, kwamba hakuna room. Nilimwambia katibu hajui Kiingereza. Akasema ndiyo vizuri zaidi, hataweza kukataa.

Nikafungua kamusi, maana unanijua, siandiki neno la Kiingereza kabla ya kulitazama usoni. Room! Neno hilo nimelifundisha miaka ishirini na minane. Naonyesha ukuta, naonyesha mlango, watoto wanapiga kelele, tumemaliza. Siku ile ndiyo kwanza nililisoma hadi mwisho. Kumbe si chumba tu. Ni nafasi pia: ya mtu kukaa, ya kugeuka, hata ya kujirekebisha. Ndilo neno ninalowaandikia wanafunzi kwenye ripoti zao, kwamba nafasi ya kuongeza bidii bado ipo. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, palielezwa asili yake: zamani za kale neno hilo halikuwa na kuta. Lilikuwa uwazi, mahali papana. Habari ya kuta ilikuja baadaye sana. Nikafunga kitabu, Jovita, na aibu ikanishika. Sababu utaisoma chini.

Jumapili baada ya misa wazee walikusanyika kwa Minza kusikiliza barua yangu. Badala ya barua, nikasimama na kamusi, nikaanza kufundisha. Nilitoa maana ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee mmoja akalala pale pale mlangoni. Nilimwomba baba mdogo atunge sentensi, akasimama wima kama yuko kwenye gwaride, akajibu kwamba hana. Nilipofika kwenye asili ya neno, alikuwa anatoka jasho na kubisha kwa nguvu zote kwamba chumba kisicho na kuta si chumba, ni kibanja, shamba la migomba. Hapo ndipo Minza alipopita na kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kama mwanamke yeyote anavyowapokea wageni wa nyumba yake. Baba mdogo macho yalikuwa kwangu. Mkono ukaenda wenyewe, ukachota punje tatu, zikaingia mdomoni, naye akaendelea kubisha.

Shangazi Immakulata, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya, akapiga makofi mara moja. Akamwuliza kaka yake ni nani aliyempokea. Baba mdogo akatazama kikapu, akatazama mkono ulioshika kikapu. Shangazi akasema kahawa ya kumpokea mgeni hutolewa na mwenye nyumba, na aliyeitafuna hawezi kumfukuza aliyempa, labda kama anataka kuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuitema. Maskini, hakujua ameze au ateme. Aliibana shavuni mpaka machozi yakamtoka. Mwisho akameza, na kikao kikaisha.

Jumatatu asubuhi alikuwa zahanati, akiuliza kama ugonjwa unapitia kwenye kahawa. Muuguzi alicheka hadi akashika meza, kisha akamweleza vizuri kwamba hauambukizwi kwa chakula wala kwa kupeana mikono. Sasa baba mdogo anapita kwa Minza kila siku kutafuna kahawa. Anasema anakagua.

Dada, sasa nifike pale ninapopaogopa. Barua yangu ya Julai ilikuambia kwamba wazo la kumfukuza Minza lilikuwa la baba mdogo, ndipo ukamwandikia yale maneno makali, ambayo anayatembeza mfukoni na kuwasomea watu nje ya kanisa ili wamhurumie. Si yeye aliyeanza. Ni mimi. Siku ya matanga, tukinywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, nilimnong'oneza kwamba nyumba ile haina nafasi ya mgeni. Nilikitaka chumba cha mbele cha Karugendo, chenye dirisha la kutazama migomba, niweke vitabu vyangu ambavyo mchwa wanavimaliza chini ya kitanda. Nilisingizia ukoo, nikasingizia na ugonjwa. Na baba mdogo, kwa ukali wake wote, hajanitaja kwa mtu.

Hata kikapu kile, ni mimi niliyemwomba Minza akipitishe wakati ule. Akaniona mtu mwema.

Ijumaa aliniita. Alikuwa amefagia chumba cha mbele na kuweka meza ya Karugendo dirishani. Akasema nilete vitabu vyangu, nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Alitaka kuniambia tangu matanga, ila aliogopa nitasema mjane si mtu wa kugawa vyumba. Nilitoka nje kwenda kutazama migomba.

Naandika barua hii juu ya meza hiyo. Minza yuko jikoni anamenya ndizi na kuimba Kisukuma. Nikishatia sahihi nitakwenda kumwambia yote, na akikitaka chumba chake, ni chake. Wewe mwombe radhi baba mdogo. Uandike kwa maneno mazuri, maana atayasoma kwa sauti.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu akulinde hadi tutakapoonana Noeli.

Mimi mdogo wako,
Datius

Nimefungua tena bahasha. Nimemwambia. Aliweka chini ndizi aliyokuwa anamenya, akaingia ndani, akatoka na kikapu cha kahawa.