Kumbukumbu za Kikao cha Kuziba Handaki la Chini, na Habari za Kibao Namba 17

KAMATI YA KUHIFADHI MGODI WA ZAMANI
Kikao cha dharura, Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa sita, chumba cha karani wa lango, mgodini.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (karani wa lango enzi mgodi unafanya kazi)
2. Katibu (mwalimu wa jiografia)
3. Fundi wa kuchomelea, maarufu kama Cheche
4. Mjane wa mchimbaji namba 17 (mama mzazi wa Katibu)
5. Mpimaji wa miamba (mwalikwa)

ASIYEHUDHURIA
Mweka hazina, bila taarifa, kwa mara ya tatu.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilifunguliwa saa 4:20 badala ya saa 4:00, kwa kuwa ufunguo wa chumba ulikuwa kwa Mwenyekiti naye alichelewa. Mwenyekiti alieleza kwamba halmashauri imetoa muda hadi Jumatatu: ama handaki la chini lizibwe kwa zege, ama kamati iandike sababu za kutoziba. Alipendekeza Katibu asiandike leo, kwa vile jambo lenyewe linamgusa. Cheche aliuliza, "Kwani hapa halimgusi nani?" Katibu aliendelea kuandika.

KUMB. NA. 2/14: MANENO YA BANGO LA HISTORIA
Mwenyekiti alisoma rasimu aliyoiandika mwenyewe: kwamba mgodi ulichimbwa miaka kumi na tisa, ukafungwa baada ya handaki la chini kuporomoka, "siku ambayo mchimbaji mmoja alitoroka na dhahabu."

Mjane aliuliza ni nani aliyeiona hiyo dhahabu. Mwenyekiti alijibu kwamba siku moja kabla, marehemu (Mwenyekiti alijisahihisha: "mhusika") aliwaambia wenzake langoni kwamba amegundua mkanda wa mawe yenye dhahabu ulikokwenda. Kesho yake hakuonekana tena, watu wakajumlisha. Tena ubao wa vibao ulionyesha wote wametoka, ndiyo maana kampuni haikufukua.

Kwa faida ya wasomaji: ubao huo bado upo ukutani chumbani humu. Kila mchimbaji alikuwa na kibao cha bati chenye namba, upande mmoja mwekundu, yaani yumo ndani, na upande mwingine mweupe, yaani ametoka. Vibao vyote arobaini ni vyeupe.

KUMB. NA. 3/14: TAARIFA YA MPIMAJI WA MIAMBA
Mpimaji alieleza kwamba zamani sana maji ya moto yalipanda kwenye nyufa za mlima huu, yakapoa, yakaacha mkanda wa jiwe jeupe lenye dhahabu. Baadaye mlima ulipasuka tena na upande mmoja ukateleza. Ramani ya kampuni inasema mkanda uliishia hapo. Haukuisha, ulikatwa tu, na sehemu ya pili iko hatua tisa kushoto. Katikati kuna udongo wa kijivu laini kama sabuni, na huo ndio ulioporomoka.

Alisema Jumatano alipenya juu ya kifusi akakuta njia ndogo isiyo kwenye ramani, imechimbwa kuelekea kushoto. "Aliyeichimba alijua anachofanya," alisema. "Mimi nina vipimo, na ningechimba palepale." Ukutani pameandikwa kwa chokaa, kama wachimbaji walivyozoea kila wanapoanza kutoboa, namba 17 na tarehe. Tarehe ni ya siku ya maporomoko. Mtaimbo bado umesimama ndani ya tundu. Ng'ambo ya hapo ni kifusi kitupu.

Mwenyekiti alisema handaki ni hatari, watoto wanaingia, lizibwe. Aliyasema hayo mara tatu.

KUMB. NA. 4/14: SWALI LA CHECHE
Cheche alikumbusha kwamba utaratibu wa langoni ulikuwa mmoja: mtu anakabidhi mtaimbo wake kwa karani kwanza, ndipo kibao kinageuzwa. Aliuliza, "Sasa mtaimbo uko ndani. Kibao nani alikigeuza?"

Mwenyekiti alimwambia Katibu, "Mwanangu, hili usiliandike." Katibu aliomba aitwe Katibu.

Mwenyekiti alieleza kwamba lori la kuwarudisha wafanyakazi halikuwa likimsubiri mtu. Ili yeye mwenyewe asiachwe, alizoea kuvigeuza vibao vyote kwa kiganja kabla ya zamu kwisha, na mitaimbo kuihesabu asubuhi. Siku ile alifanya hivyohivyo. Asubuhi mtaimbo mmoja ulipungua. Alikwenda hadi mlango wa ofisi ya kampuni, akasikia wakisema, "Ubao mweupe, hakuna mtu," akarudi. Alisema, "Shemeji, niliogopa. Halafu watu wakaanza kusema ametoroka, na mimi nikaanza kuamini."

Mjane alisema, "Miaka thelathini na moja naitwa mke wa mwizi. Umekula kwangu. Umemshika huyu binti mkono siku ya kwanza shule. Leo unataka kunifunikia mume zege."

Mwenyekiti alilia. Katibu anaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na anaandika pia kwamba hakumwonea huruma.

KUMB. NA. 5/14: MAAZIMIO
(a) Handaki lisizibwe. Katibu aiandikie halmashauri leo, na kifusi kifukuliwe chini ya usimamizi wa Mpimaji.
(b) Sentensi ya kutoroka ifutwe kwenye rasimu. Mwenyekiti ataandika upya habari za siku ile kwa mkono wake, bila kuacha kitu.
Wote waliafiki, Mwenyekiti wa mwisho.

KUMB. NA. 6/14: KUFUNGA KIKAO
Kabla ya kufunga, Mjane aliinuka, akaenda kwenye ubao, akakigeuza kibao namba 17 upande mwekundu. Aliagiza asikiguse mtu mpaka mwenyewe atolewe. Kikao kilifungwa saa 6:05 mchana.

Mwenyekiti: (amesaini, na kukabidhi ufunguo wa chumba kwa Mjane)

Katibu: (amesaini) binti wa namba 17, ambaye yumo ndani