Marehemu Arsène na Maharage ya Jumatatu

Jumanne, 20 Oktoba 1931

Mvua. Mteja mmoja tu kwenye ofisi yangu ya upelelezi: Eulalie Batiste, mjane wa Mtaa wa Dumaine. Aliketi, akapakata mkoba, akasema mumewe anatembea nje. Tangu lini? Tangu afe.

Nilicheka. Sikupaswa kucheka. Kila marehemu wa New Orleans hurudi kwake Jumatatu kula maharage mekundu na wali. Arsène hajakanyaga nyumbani tangu azikwe, Agosti. Na sheria inasema mume asipokula kwa mkewe kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba mosi, nyumba inakwenda kwa kaka wa marehemu. Shemeji Théogène keshaanza kupima madirisha, atie mapazia yake!

Sheria hiyo waliitunga wanaume wa Paris ambao hawajawahi kuloweka hata punje moja ya haragwe. Nimeiponda magazetini mpaka wino umeniishia. Wanachapa, wanacheka. Na Wamarekani ng'ambo ya mto wanatuonea wivu kwa sababu sisi bado tuna Kaizari wa Ufaransa — wamchukue, na mizigo yake!

Kesi nimeipokea. Imebaki Jumatatu moja.

Alhamisi, 22 Oktoba

Makaburini. Bastola kiunoni; kwa wafu haifai kitu, lakini mlinzi wao yu hai na ana mdomo mzito. Mwishowe alisema: Arsène hulala kwa heshima wiki nzima, Jumatatu hutoka amenyoa ndevu, na langoni hukata kulia.

Kwake ni kushoto. Kulia ni kwa Ozite, fundi cherehani, mjane, mwenye kiuno.

Nilimweleza Eulalie. Akachukua mti wa kusukumia unga. Nilisimama mlangoni mpaka akauweka chini.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nilitegemea kukuta mwanamke wa hatari. Nimekuta mtu aliyechoka. Ozite anasema Arsène huja, hutundika kofia, hula sahani mbili, huuliza nyama ya chumvi iko wapi, huondoka. Hajawahi hata kumgusa mkono.

"Dada, mchukue," akaniambia. "Nikifunga mlango anapita ukutani. Na ningemwambia nani? Eulalie angenikata masikio."

Barazani kwake niliona doa la mafuta ya kulainishia tarumbeta. Doa kubwa: bendi nzima ilikaa hapa. Nikaenda moja kwa moja kwa Alcide, kiongozi wa bendi iliyomzika Arsène, nikaketi juu ya sanduku lake la ngoma mpaka akasema. Walipotoka kuzika, wakirudi na nyimbo za furaha, mvua ikawashika. Wakajibanza kwa Ozite. Akawapa supu ya kamba. Wakafungasha tarumbeta na ngoma palepale.

Palepale! Mtoto wa mji huu anajua: bendi hupiga hadi mlango wa marehemu, kwa maana pale tarumbeta inaponyamaza ndipo mfu hupajua kuwa ni kwake.

"Mvua ilikuwa kubwa, mama," akasema Alcide.

Nikamwambia Jumatatu atapiga upya, toka kwa Ozite hadi kwa Eulalie, hata ikinyesha mawe. Akasema mpiga tromboni ni mgonjwa. Nikaiweka bastola juu ya ngoma. Tromboni imepona.

Jumatatu, 26 Oktoba

Naandika nimesimama, mgongo kwenye nguzo ya baraza ya Eulalie. Jua likizama, Jumatatu imekwisha kisheria. Théogène amemleta karani wa serikali ashuhudie, na anatabasamu kama mwenye nyumba.

Bendi ilipiga vizuri, wahuni wale. Arsène nyuma yao, mwepesi kama mvuke wa chungu, akipunga leso. Tarumbeta ikanyamaza kwenye ngazi. Akautazama mlango kama mtu aliyeamshwa. Kilichobaki ni kuingia na kula.

Eulalie akasimama kizingitini, sahani mkono mmoja, kijiko mkono wa pili.

"Kabla hujaingia," akasema. "Maharage ya nani matamu, yangu au ya Ozite?"

Wafu hawawezi kusema uongo. Ndiyo maana hakuna mfu aliyewahi kupata udiwani hapa. Nilimnong'oneza Eulalie amwache ale kwanza, maswali baadaye. Nyumba, mwanamke wee, nyumba!

"Nyumba naijua, dada. Hili silijui."

Arsène amevua kofia. Anafikiri. Anasema amesahau ladha ya haya, anaomba aonje.

Karani anapekua kitabu cha sheria kuona kama kuonja ni kula. Théogène hatabasamu tena. Jua limegusa paa la jirani.

Eulalie anakitazama kijiko. Bado hajakiinua.