Hina ya Mitiki

Shikamoo Babu, mume wangu wa Kilwa,

Leo mimi na shangazi tulikuwa tunakwenda chemchemini hapa Milola, mvua ikatukuta kwenye shamba la mitiki. Chini ya miti ile hapana hata nyasi. Udongo ukateremka na maji, nami nikateremka nao kwa makalio huku nacheka. Nikajifuta tope kwa majani machanga ya mtiki, viganja vikawa vyekundu kama nimepakwa hina.

Tukaingia msitu wa asili. Mvua ni ileile, lakini huko ardhi ni godoro la majani yaliyooza, inakunywa maji kimya kimya, na chemchemi inatoka safi kabisa. Kesho kijiji kinaamua kama msitu ukatwe, ipandwe mitiki. Shangazi anasema, "Nitawaambia tutakunywa tope la kutafuna."

Wanawake waliokuwa wanachota maji walipoona viganja vyangu wakapiga vigelegele. "Bwana harusi yuko wapi?" Nikawajibu yuko Kilwa, hana jino hata moja.

Basi mwombee shangazi dua, mume wangu, nami nikuletee dumu la maji yasiyotaka meno.

Mkeo mdogo,
Zuhura