Vipotoshi vya Baba Watoto

Jumatatu, 3 Machi
Nimeteuliwa, mmoja wa walimu arobaini! Nitunge maswali mia tatu ya sayansi, ya kutiwa kwenye benki ya mtihani wa watu wazima. Kompyuta itachota humo, kila mtahiniwa na yake. Nimesaini kiapo: sitamwonyesha mtu swali, sitamdokeza mtu jibu. Mia tatu tu? Kazi ya kunywea chai.

Jumatano, 5 Machi
Chai imenipalia. Kila swali linataka jibu moja sahihi na matatu ya uongo — wenyewe wanayaita vipotoshi. La kweli ninalo. Uongo sina! Mti hupata wapi chakula chake? Nikaweka: sokoni. Msimamizi wetu, mama mwenye miwani puani na nyingine kichwani, amenirudishia maswali arobaini. Eti hata mbuzi angefaulu.

Jumamosi, 8 Machi
Kumbe hazina ninalala nayo kitanda kimoja! Mchana, tukila, nimemuuliza Baba Watoto kama soga tu, mti unakula nini. Bila hata kumeza tonge: udongo. Na kiangazi, mbona joto? Jua limesogea karibu. Na sweta je? Hapo fundi cherehani wangu akavimba kifua: sweta inatoa joto, nimeshona mia, unaniambia nini! Wakati sweta huzuia tu joto la mwili lisitoke! Uongo mtamu, umenyooka kama pindo zake. Mimi naitikia kwa kichwa tu, asije akaacha. Halafu mbio chooni na daftari.

Ijumaa, 14 Machi
Maswali yamejaribiwa kwa watu, mara ya kwanza. Udongo umenasa watu sita kati ya kumi. Sweta — saba! Msimamizi kanivuta pembeni: mwalimu, unayatoa wapi haya? Nikasema utafiti. Vipotoshi themanini na kimoja ni vya Baba Watoto, na maskini hata asante hajapata.

Jumatano, 19 Machi
Nilikuwa natafuta mkasi kwenye meza yake ya kukatia. Chini ya vitambaa — kitabu cha sayansi, daftari, kadi ya mtahiniwa. Picha yake, na tai! Jumatatu ijayo. Mtihani wangu.
Amenikuta nimeishika. Akatahayari kama mchumba. Chuo cha ufundi kinamtaka akafundishe ushonaji, ila bila cheti hawampokei. Alitaka kunishtukiza. Akasema aliyempa moyo ni mimi: maswali yale ya mezani, kila alilojibu nilikubali, hata moja sikumkosoa. Akajua kichwa bado kinafanya kazi.
Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Alhamisi, 20 Machi
Nimemwendea msimamizi asubuhi, nikatapika yote. Amecheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka. Kisha hakucheka tena. Nimeondolewa kwenye benki. Maswali yanabaki. Nikimrekebisha hata jibu moja, nimemdokeza: yeye anafutiwa mtihani, na benki nzima, kazi ya walimu arobaini, inatupwa. Nikamsihi alitoe japo la sweta. Akasema, mwalimu, hilo ndilo zuri kupita yote.

Jumapili, 23 Machi
Kesho ndiyo kesho. Amekaa kwenye kiti cha cherehani, kalamu sikioni, anarudia. Nimemwambia asome kitabu chote. Chote! Hilo halijakatazwa. Amesema sura ya mimea na ya joto ameziruka, hizo tulishazimaliza mezani, mimi na yeye.
Nimemsisitizia mara tatu. Anasema nina wasiwasi kuliko mtahiniwa. Natamani kulia, natamani kucheka. Nampenda mtu huyu na uongo wake wote.
Sasa ananiita. Mama Watoto, sweta inatoa joto, si ndiyo?
Nimejifanya naandika. Naandika kweli. Nikisema siyo, nimemfutia mtihani. Nikinyamaza, yeye huhesabu nimekubali — mimi mwenyewe ndiye niliyemzoesha. Anasubiri. Kidole kiko mwanzo wa sura ya joto, ukurasa ameshauinua nusu, aisome au aipite —